Sebule ya Rangi ya Choroko: Kisa cha Kaki-Zeituni Iliyopakwa Mara Mbili

## Usuli

Nyumba iko katika mji mmoja wa bara, Tanzania, nyuzi saba hivi kusini mwa ikweta. Hizo nyuzi nazitaja makusudi, maana zitatuhusu huko mbele. Mengine yote yanayoweza kuutambulisha mji, familia au fundi nimeyaondoa.

Wanaokaa humo ni mume na mke, watoto watatu, na mama mzazi wa mume, ambaye nitamwita bibi kama kila mtu pale nyumbani anavyomwita. Walihamia kabla nyumba haijakwisha, kama tunavyohamia wengi, na krimu iliyokuwa ukutani ilikuwa ya kuhamia tu, ile ya "tutapaka vizuri baadaye". Mita moja ya chini kuzunguka kuta zote ilikuwa rangi ya mafuta, krimu hiyo hiyo, ili alama za mikono ya watoto zifutike kwa kitambaa na sabuni.

Sebule na sehemu ya kulia chakula ni chumba kimoja kirefu, mita 7.5 kwa 4.5, kimo mita 2.9. Dirisha kubwa linatazama kusini. Nje yake kuna nyasi na mwembe wa miaka mingi. Dirisha dogo liko magharibi. Chini ni vigae vyeupe vinavyong'aa, juu ni dari ya jipsamu yenye taa sita za kuzama. Milango na meza ya chakula ni mninga. Kutoka hapo inaanza korido ya mita 6 isiyo na dirisha hata moja.

Mke aliichoka krimu. Siku moja aliona kwenye simu picha ya sebule iliyopakwa kaki iliyoelekea zeituni, rangi ya jani la mgomba lililokauka juani likabaki na ukijani kidogo kwenye uti. Akaitaka. Niseme mapema kwamba mimi ni mtetezi wa rangi hii. Nyumba zetu nyingi zina mbao nyekundu-kahawia, mikeka ya ukindu, vikapu na vyungu, na vitu hivyo vikiwekwa mbele ya kaki-zeituni vinatulia kuliko vinavyotulia mbele ya kijivu tulichokipokea miaka hii pamoja na vigae vyeupe. Lakini sijui rangi nyingine inayokosewa kirahisi namna hii, na kisa hiki kinaonyesha inakosewa wapi.

## Mzunguko wa kwanza

Ilikuwa Mei. Fundi alionyeshwa picha ileile ya kwenye simu, akapewa siku mbili. Alinunua ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya maji nyeupe na chupa za rangi kali za kuchanganyia: kijani, njano na nyeusi. Alichanganya uani, kijiti mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kijani kilipozidi aliongeza nyeusi kukizima. Ilipokuwa nzito aliongeza njano. Ikiwa majimaji ndani ya ndoo ilifanana na picha. Rangi ya maji huwa nyepesi ikiwa mbichi na huingia giza ikikauka, kwa hiyo kilichofanana na picha Ijumaa asubuhi kilikuwa kimeshaipita picha Jumamosi mchana.

Jumamosi hiyo, saa moja usiku, waliwasha taa. Mke ananiambia alisimama mlangoni akahisi ameingia kwenye handaki. Ukuta ulikuwa wa kijani kilichokufa, si kaki, si zeituni, na nyuso za watoto zilionekana kama za wagonjwa. Mume hakusema neno, akachukua kiti akakaa barazani mpaka usiku sana. Aliyesema ni bibi, kesho yake baada ya ibada: "Mwanangu, hii si ni rangi ya jeshi? Na kama si ya jeshi, basi ni udongo. Mimi nimezeeka nikiutoka udongo, leo mmeurudisha ndani."

Mengine yakafuatana. Rangi iliisha katikati ya korido. Fundi akachanganya nyingine, na ya pili haikuoana na ya kwanza, hivyo ukuta wa kulia wa korido ukawa na mpaka unaoonekana tangu sebuleni. Juma la tatu mtoto aliegemeza baiskeli ukutani, na ilipoondolewa ilitoka na kipande cha rangi kirefu kama kiganja, laini kama ganda la ndizi. Chini yake krimu ya mafuta ilikuwa inang'aa kana kwamba haikuwahi kuguswa. Na kwenye kona ya meza ya chakula ukuta ulianza kutoa chumvi. Madoa meupe, ya unga unga, ambayo juu ya krimu yalikuwepo muda wote bila mtu kuyaona.

## Nilichokikuta

Niliitwa kutoa ushauri katikati ya Juni. Mume alishaamua: irudishwe krimu, yaishe. Mke alikubali kwa uchungu. Niliomba kabla ya uamuzi wowote nikae nao siku nzima, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa mbili usiku, nione chumba kinavyopita.

Asubuhi ukuta ulikuwa wa kijani kibichi kuliko rangi yenyewe. Nilishika karatasi nyeupe karibu na dirisha la kusini, na karatasi nayo ikawa na ukijani. Jua halikuwa likiingia ndani. Kilichoingia ni mwanga uliogonga nyasi na majani ya mwembe kwanza. Mchana ilikuwa hivyohivyo, na giza kidogo.

Hapa ndipo nyuzi saba zinapohusika. Maelezo mengi ya rangi yanayosomwa mtandaoni yanaandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Huko wanakwambia chumba kinachotazama kusini kina mwanga wa joto, kinastahimili rangi nzito. Chumba cha kaskazini ndicho cha baridi. Mke alikuwa ameyasoma hayo, na alifurahi kwamba dirisha lake kubwa linatazama kusini. Kwetu jua huhama. Kwenye nyuzi hizi, tangu mwanzoni mwa Machi mpaka Oktoba jua la mchana linakaa kaskazini, na mwezi Juni dirisha la kusini halipati hata mwali mmoja wa moja kwa moja, asubuhi wala jioni. Chumba kile wakati ule kilikuwa ndicho cha baridi.

Kisha ikafika saa kumi na moja jioni. Jua lilishuka mpaka usawa wa dirisha dogo la magharibi, likapiga ukuta wa upande wa pili. Kwa muda wa kama dakika arobaini ukuta ule ulibadilika: ukijani ukarudi nyuma, njano ya udongo ikaja mbele. Mke alikuwa anamenya viazi mezani. Akaacha kisu. "Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo niliyoiona."

Saa moja usiku tuliwasha taa, na ikafa tena. Nilipanda kwenye kiti nikatoa taa moja nikasoma kilichoandikwa ubavuni: Kelvini 6,500. Zote sita zilikuwa hivyo, kama zilivyo taa nyingi zinazouzwa madukani kwetu, ule mwanga mweupe unaoelekea ubuluu. Rangi ya jamii hii imejengwa juu ya njano na wekundu wa udongo. Ukiimulika kwa mwanga wenye buluu nyingi na wekundu haba, kile kinachoifanya iwe ya joto hakipati cha kuakisi, na kinachobaki ni ukijani na weusi.

Kwa hiyo katika siku moja nyumba ilikuwa imetuonyesha ndoo moja ya rangi ikiwa rangi tatu. Sikuona sababu ya kurudi krimu. Niliona sababu ya kuanza na taa.

## Bibi, sahani na choroko

Kabla ya maamuzi ya ufundi kulikuwa na jambo la bibi, na sikutaka kulipita kwa haraka. Mtu aliyelea watoto katika nyumba ya miti na udongo, akakandika kuta kila mwaka baada ya mvua, ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe apake sebule ya matofali ifanane na udongo. Tena kwa lugha hakukosea: neno kaki limetoka kwenye Kiajemi, na maana yake ni vumbi, udongo. Wanajeshi wa Waingereza kule India ndio walioanza kuvaa rangi hiyo katika miaka ya 1840, na kwao ndiko rangi ya jeshi ilikoanzia. Alichokiona ukutani ni yale yaliyomo ndani ya jina lenyewe.

Siku ya pili nilikuja na sahani nyeupe na chupa tatu ndogo: njano ya udongo, nyeusi, na nyekundu ya udongo, zote oksidi za chuma. Nilimwaga njano, nikatia nyeusi kwa ncha ya kijiti cha meno, nikakoroga. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anachambua choroko kwenye ungo. Akainama. "Kijani kimetoka wapi? Mbona hukutia kijani?"

Ndivyo ilivyo. Njano ya udongo ikikutana na nyeusi huzaa zeituni yenyewe; kijani cha chupa hakihitajiki. Hapo ndipo mchanganyiko wa kwanza ulipopotea, maana kijani cha dukani ni kikali na kina ubuluu, na nyeusi haikizimi, inakichafua. Kisha nikagusisha nyekundu, tone dogo sana. Zeituni ikalainika, ikawa kaki yenye joto. Nikaongeza nyeupe ipate kuonekana vizuri.

Bibi alichota choroko kiganjani, zile za msimu uliopita zilizokwisha kupauka, akaziweka ukingoni mwa sahani. Zilikuwa zinafanana kabisa. "Mngesema choroko," akasema, "tungeelewana tangu mwanzo." Tangu siku hiyo pale nyumbani hakuna aliyesema kaki wala zeituni.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza: taa zibadilishwe, ukuta usiguswe. Tuliweka taa sita za Kelvini 3,000, zenye mwanga wa joto unaoelekea unjano, na kuacha rangi mbovu ileile ukutani kwa wiki moja. Sababu ni mbili. Taa hazina gharama kubwa na zinaweza kurudishwa. Na ukibadilisha taa na rangi kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa. Baada ya wiki mume mwenyewe alisema usiku sebule inakalika, ila mchana bado ni kijani mno. Hapo ndipo tulipojua kwamba rangi nayo ilikuwa na kosa lake, tofauti na la taa.

Lakini taa zilezile kwa idadi ileile zisingetosha. Viwanda vingi vya rangi hutoa kwa kila rangi kipimo cha kuakisi mwanga, LRV, kutoka 0 ambayo ni nyeusi kabisa mpaka 100 nyeupe kabisa. Krimu ya kawaida iko kwenye 75 au 80. Kaki-zeituni ya kati iko kwenye 20 mpaka 35. Ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kuta zinakunyima zaidi ya nusu ya mwanga zilizokuwa zikikurudishia, na hakuna anayekwambia hivyo unapolipia ndoo. Tuliongeza taa mbili za pembeni, moja karibu na kiti cha bibi, moja nyuma ya sofa, zinazomulika ukuta kutoka chini.

Uamuzi wa pili: sampuli. Mke alitaka tuchague kwenye kadi za dukani. Nilikataa. Kipande cha ukubwa wa kidole huwezi kukiamini kwa rangi hii. Tulikata vipande vitatu vya hadibodi, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, tukavipaka mikono miwili: kimoja kimeelekea zeituni zaidi, kimoja njano zaidi, kimoja kina wekundu wa udongo zaidi. Tuliviegemeza ukutani vikizungukwa na karatasi nyeupe ili rangi ya zamani isiyadanganye macho, tukavihamisha kila siku: karibu na dirisha, kona ya giza, kando ya mlango wa mninga, juu ya vigae. Siku kumi.

Kile cha zeituni kilikufa siku ya kwanza. Mwembe ulikuwa unatosha kutia kijani, hatukuhitaji cha ukutani. Cha njano kilipendeza usiku lakini asubuhi kilifanana na ugonjwa wa manjano. Cha wekundu kilipowekwa peke yake dukani kilionekana kahawia tu, karibu tukiache. Ndani ya chumba, mwanga wa nyasi ulikiongezea ukijani uliokuwa umepungua, kikatua palepale kwenye choroko. Hilo ni jambo ambalo kadi isingeweza kutuambia: rangi tuliyoinunua haikuwa rangi tuliyoitaka, ilikuwa rangi ambayo chumba kile kingeigeuza iwe tuliyoitaka.

Nilisisitiza pia isiwe nzito kupita pale. Ukiizamisha jamii hii kidogo tu unafika mahali pabaya. Australia ilipoanza mwaka 2012 kulazimisha pakiti za sigara zote ziwe za rangi moja isiyovutia, iliyochaguliwa baada ya watu kuulizwa ilikuwa Pantone 448 C, zeituni iliyozama kwenye kahawia na giza. Ni ndugu wa hii tuliyokuwa tunaipaka. Kilichowatenganisha ni weupe kidogo na wekundu kidogo.

Uamuzi wa tatu: korido isipakwe choroko. Mahali pasipo na mwanga wa nje hapana cha kuiamsha rangi hii. Duka lilichanganya kanuni ileile kwa robo ya nguvu, ikatoka krimu yenye uvumbi wa choroko kwa mbali, na ukitoka sebuleni huoni kuruka.

Mke aliomba rangi yenye mng'ao wa hariri ili ifutike. Ukuta ule haukupigwa skimu sawasawa, una mawimbi, na mwanga wa jioni kutoka magharibi unaupitia kwa ubavu. Mng'ao ungetoa kila wimbi nje. Tukachukua isiyong'aa, ya aina inayovumilia kitambaa chenye unyevu. Dari iliachwa nyeupe iliyovunjwa kidogo, na mninga ukapata vanishi mpya tu.

Na fundi? Nilitaka awe yuleyule. Mkono wake ulikuwa mzuri, mistari yake ya kona na dari ilinyooka bila selotepu. Nilipomuuliza kuhusu mara ya kwanza alinijibu bila hasira: "Dada, mimi napewa picha, napewa siku mbili. Nikisema subiri, anaitwa mwingine." Sina la kumpinga.

## Kazi yenyewe

Kona ya chumvi ilituchukua muda kuliko kazi nyingine zote. Chanzo kilikuwa nje: mke alikuwa na bustani ya maua iliyoegemea ukuta, udongo wake umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na kila jioni inamwagiliwa. Ukuta ulikuwa unakunywa. Tuliondoa udongo, maua yakahamia kwenye ndoo za zamani, tukabandua lipu iliyooza, tukapiga mpya, tukasubiri wiki nne ikauke. Chumvi iliyobaki pembeni tuliisugua kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Juu yake ikaja praima inayostahimili ukali wa saruji.

Ile mita moja ya mafuta ilipigwa msasa mpaka mng'ao wote ukaisha, ukipitisha kiganja unahisi ukwaru kama wa jani la msasa wenyewe, kisha praima ya kushikia. Rangi ya maji juu ya mafuta laini haina pa kung'ang'ania, ndiyo maana ilitoka kama ganda.

Hesabu ya rangi tuliifanya mezani. Kuta za sebule bila milango na madirisha ni mita za mraba 59, korido 28. Jumla 87, mikono miwili ni 174. Ukuta wenye ukwaru hula lita moja kwa kila mita za mraba 8, kwa hiyo lita 22. Mara ya kwanza ilinunuliwa ndoo ya lita 20 kwa kukisia, na ndiyo maana ilikatikia koridoni. Safari hii sebule peke yake ilihitaji lita 15. Tukanunua 16 za choroko kwa siku moja, duka moja, mashine moja, na kabla ya kuanza fundi alizimimina zote kwenye pipa moja akazikoroga. Lita iliyobaki ipo stoo imeandikwa kanuni yake kwenye kifuniko.

Kupaka kwenyewe kulichukua siku tatu, mwishoni mwa Agosti.

## Matokeo

Usiku wa kwanza mume hakukaa barazani. Alitoka, akarudi, akakaa ndani. Mke alituma picha kwa dada zake, na picha hazikufanana na chumba, jambo lililomuudhi sana. Simu hujaribu kuisawazisha rangi hii, huisukuma kwenye kijivu au kwenye kijani. Inafaa kukumbuka hilo, maana safari yote ilianza na picha ya simu.

Bibi alileta chungu chake cha zamani kutoka jikoni, akakiweka chini ya taa ya pembeni. Mkeka mpana wa ukindu ulifunika vigae mbele ya sofa, na baridi ya sakafu ikapungua kuliko nilivyotarajia. Mapazia ya maruni yaliondolewa, yakaja ya pamba nyeupe isiyopaushwa. Hapakununuliwa samani yoyote mpya.

Desemba nilirudi. Rangi ilikuwa imeshika, hakuna kilichobanduka. Karibu na swichi ya mlangoni kulikuwa na doa la mikono, linafutika lakini pale panapofutwa mara kwa mara pameanza kung'aa. Aprili, kwenye masika, mke alinitumia picha ya kona ya chakula: chumvi imerudi, doa la ukubwa wa sahani, chini kabisa juu ya vigae.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kutenganisha sababu. Kulikuwa na matatizo matano yaliyorundikana yakaitwa kwa jina moja, "rangi mbaya": taa, uelekeo wa dirisha, mchanganyiko, maandalizi ya ukuta na unyevu. Matatu kati ya hayo yangewapata hata kama wangepaka krimu. Wangerudi krimu Juni, chumvi ingeendelea chini kwa chini na rangi ingebanduka vilevile, ila wangekuwa wamejifunza kwamba rangi ya udongo haifai nyumbani, somo lisilo la kweli.

Jambo la pili ni jina. Nilipoingia, mke alikuwa anatetea "oliv" ya kwenye picha na bibi anapinga jeshi na udongo, na hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Choroko ilikuwa jikoni muda wote. Naamini kabisa rangi iliyopata jina la kitu kinachopendwa ndani ya nyumba ile ile hupokelewa tofauti, na hili nimeshalitumia kwa wengine: namuuliza mwenye nyumba aniletee kitu chochote chenye rangi anayoitaka, kutoka jikoni, kabatini au shambani, kabla ya kunionyesha simu.

Makosa yangu ni mawili, na la kwanza lilikuwa na dalili za wazi. Niliruhusu ukuta wa kusini, ule wenye dirisha kubwa, upakwe nguvu sawa na mingine. Ukuta wenye dirisha haupati mwanga wa dirisha lake. Siku zote uko kwenye kivuli chake mwenyewe, na jicho linauona mbele ya uangavu wa nje. Katika krimu haionekani. Katika choroko ulikuwa mzito kuliko mitatu mingine, kana kwamba umepakwa rangi tofauti. Yale mapazia meupe yaliishia kutandazwa ukuta mzima, kutoka pembe mpaka pembe, kuficha. Leo ningeupaka nusu ya nguvu.

La pili ni kubwa zaidi. Niliwahubiria jua linalohama, kisha nikapima sampuli Julai tu. Desemba nilipofika jua lilikuwa limehamia kusini. Nyasi zile nje ya dirisha, ambazo Juni zilikuwa kivulini, zilikuwa zinawaka, na mvua ilikuwa imezifanya kijani kibichi. Mwanga ulioingia ulikuwa mara nyingi zaidi, na wote umepita kwenye kijani. Ukuta uliokuwa kaki tulivu wakati wa baridi ulikuwa zeituni iliyo hai. Si mbaya, lakini sio tuliyoichagua. Ningeweza kuukadiria ukijani huo kwa kusimamisha hadibodi nje ya dirisha, nyasi zikimulikwa na taa kali au hata kwa kutandika shuka la kijani juani upande wa kaskazini na kuiegemeza sampuli karibu nalo. Sikufanya.

Chumvi iliyorudi Aprili nadhani inatoka chini, kwenye msingi, si bustanini. Inahitaji fundi wa ujenzi, na wenye nyumba wanajua; kwa sasa kuna kapu la ukindu mbele yake.

Kuhusu ukijani wa Desemba, niliwauliza kama wangependa tuongeze tone la wekundu kwenye lita iliyobaki na kupaka ukuta mmoja. Mume alikataa, anasema sebule ya Desemba ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kukaa. Mke amesema anasubiri Juni.